Malapa Mlangoni pa Machogu

Malapa yalikuwa ya samawati. Kamba ya kushoto ilikuwa imeshikizwa na msumari uliopindwa chini ya soli. Yalikuwa yamewekwa mbele ya mlango wa jikoni, vidole vikielekea ndani, na hakuna mtu wa boma hilo aliyethubutu kuyagusa tangu jana jioni. Koplo Joyline Angwenyi alichuchumaa akayatazama, kisha akainua macho kwa mwanamke aliyesimama kizingitini, mkono mmoja ukiwa kwenye plasta na mwingine umemshika mtoto.

"Ni yako, Mama Lavender?"

"Ni yangu," Beverlyne akasema. "Niliyaacha nyumbani Nyamarambe, chini ya kitanda. Siku ile nilitoka na viatu vya kanisa, sikupata nafasi ya kuchagua."

"Ulimwona?"

"Nilimsikia. Aligonga kidogo tu, akaniita jina. Hakufoka, afande. Aliita kama mtu anayekuambia chakula kimeiva. Akasema, 'Umesahau malapa yako. Nikirudi sitagonga.'"

Mzee Machogu, mwenye boma, alikuwa amesimama kando ya pipa la maji, panga bado mkononi ingawa jua lilikuwa limeshapanda. Alieleza kwamba alitoka mbio na tochi akakuta migomba inatikisika tu. Mtu alikuwa ameshateremkia kwenye majani chai. Baadaye pikipiki ilinguruma huko chini, mbali.

Joyline alivaa glavu, akayatia malapa kwenye mfuko wa karatasi, akaufunga. Jambo hili lilikuwa limemshinda akili. Ochoki, mume wa Beverlyne, hakupaswa kuijua nyumba hii.

Mambo yalikuwa hivi. Beverlyne alipotoroka baada ya kuvunjwa mkono, alijificha kwanza Nyaramba, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya kinu cha kusaga unga. Alikuwa amebadilisha laini ya simu, akadhani amemaliza. Mumewe akamfuata huko huko, akaketi kwenye benchi la duka la mbele kutwa nzima, akiutazama mlango wake. Hapo ndipo kesi ilipomfikia Joyline, wa dawati la jinsia. Joyline aliipeleka ile simu kwa Urvish, mwenye duka la simu mjini Kisii, naye Urvish akaifungua akatikisa kichwa.

"Laini si kitu, Koplo," alikuwa amemwambia. "Nani alimnunulia simu hii? Mume. Nani aliifungulia akaunti? Mume, kwa jina lake, kwa nywila yake. Kila simu inapokwenda, yeye anaiona kwenye ramani. Hata picha anazopiga huyu mama zinamfikia."

Basi simu ikazimwa, ikafungiwa kwenye kabati la kituo. Ijumaa, Joyline alimhamisha Beverlyne hadi hapa Kebirigo, kwa watu aliowataja Beverlyne mwenyewe, kwa gari lake, na kwa tahadhari hata simu yake mwenyewe aliizima njiani. Walifika giza linaingia. Beverlyne alikuja na mtoto, nguo chache, na mkoba wa Biblia yake. Hakuwa na simu wala redio, hata saa ya mkononi.

Na bado Ochoki alikuwa amekuja.

Pikipiki ilipita barabara ya juu. Kabla mtu hajasema neno, Lavender, ambaye hata miaka minne hajatimiza, aliuachia mkono wa mamake, akaingia chini ya meza ya jikoni na kukumbatia magoti yake. Hakulia. Alikaa tu pale akisikiliza, mpaka mlio ukapotea.

Joyline aligeukia Machogu. "Tata, nani alijua kwamba mgeni huyu yuko kwako?"

"Mimi na mke wangu. Wewe. Na huyo dereva wako, Ogoti."

"Ogoti nilimwambia leo asubuhi, tukiwa njiani kuja. Mwingine?"

Machogu alisita, akamtazama mkewe aliyekuwa akichochea moto. Mama Mose ndiye aliyejibu. "Nyanchera. Yeye ndiye aliyetuomba tumpokee. Tunaimba naye kwaya."

"Nyanchera yupi?"

"Dadake Ochoki," Beverlyne akasema, na uso ukamwanguka.

*

Nyanchera hakuitwa. Alikuja mwenyewe, mfuko wa unga wa wimbi kichwani, anaita hodi tangu kwenye lango. Joyline alimketisha sebuleni kwenye kiti chenye kitambaa kilichofumwa, akafunga mlango, akabaki amesimama.

"Ulijua lini Mama Lavender anakuja hapa?"

"Ijumaa mchana, afande. Nilipokubaliana na Mama Mose."

"Ukamwambia nani?"

"Nimwambie nani?"

"Kaka yako alifika hapa jana jioni."

Nyanchera alifunga macho. "Nyasae," akamwita Mungu. Ndipo alipoyafungua, na hasira ilikuwa imeingia mahali pa hofu. "Sasa umeniona mimi. Kwa sababu tulinyonya titi moja."

"Nimekuuliza ulimwambia nani."

"Uliza vizuri basi. Uliza nani alimfunga mkono ule kwa leso na kumpeleka hospitali. Uliza nani aliuza jogoo wake apate nauli ya kumtoa Nyamarambe. Mimi namjua Ochoki kabla hujamjua wewe. Akiwa mdogo aliniulia kuku kwa sababu alimkimbia. Alimtafuta jioni nzima, akampata, akamwua, akaniletea." Alipumua. "Na watu kanisani wanamwita mpole."

"Mlizungumza naye lini mara ya mwisho?"

"Jana, ibada ikiendelea. Mimi simu siizimi tena, hata Sabato, tangu Beverlyne atoroke. Mama mmoja wa Nyaramba alitoka nje, akanipigia simu kwamba Ochoki yuko kule anagonga chumba cha nyuma ya kinu, anataka mke wake. Nikampigia. Nikamwambia, wewe ni mzee wa kanisa, hii ni Sabato, rudi nyumbani. Akakata."

Joyline aliijua habari hiyo. Alikuwa ameipokea kituoni Jumamosi asubuhi, tena ilimfurahisha. Alijiambia kwamba Ochoki amepotea njia, anagonga nyumba tupu. Sasa alisimama akitazama kalenda ya ukutani bila kuisoma.

"Hebu rudia," akasema taratibu. "Jana asubuhi alikuwa Nyaramba."

"Ndiyo. Anagonga mpaka majirani wakatoka."

"Na wewe tangu Ijumaa mchana unajua kwamba mke wake analala Kebirigo."

"Nimeshasema."

"Basi kama ungekuwa unamwambia," Joyline akasema, zaidi kwa nafsi yake, "asingepoteza asubuhi yake Nyaramba."

Nyanchera alimkazia macho. "Afande, hiyo ni namna yako ya kuomba msamaha?"

"Bado nafikiri."

"Fikiri basi. Lakini unga huu mtu aupeleke jikoni, mtoto anywe uji."

Joyline aliubeba yeye mwenyewe. Alipokuwa anautua kando ya jiko, jicho lake likaona kikapu kilichotundikwa kwenye msumari juu ya mlango, kikapu cha ukindu chenye kifuniko, kirembo, kisichofanana na vitu vya jikoni.

"Mama, hicho ni cha mayai?"

Mama Mose alicheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Mayai! Hicho ni cha simu. Ijumaa jua likizama, mzee anazikusanya zote, anazima, anatia humo. Ile kubwa tuliyotumiwa na kijana wetu wa Nairobi, hii yangu ya tochi, hata za wageni. Hatuziwashi mpaka Sabato itoke."

"Na Sabato inatoka lini?"

"Si jua likizama Jumamosi? Wewe hukusoma shule, afande?"

"Mimi ni Mkatoliki, mama. Jumamosi kwangu ni ya kufua." Lakini Joyline hakuwa anacheka. "Na majirani?"

"Mlima huu wote ni sisi kwa sisi. Na huku kwetu hakupiti mtu, njia inaishia kwa mzee."

Joyline alikaa kwenye kigoda. Ijumaa waliingia simu zikiwa zimeshalala kikapuni. Jumamosi mchana kutwa nyumba ilikuwa kimya, na Ochoki akagonga Nyaramba, mahali pa juzi. Jua likazama, mzee akawasha simu zake. Jioni ile ile malapa yakawa mlangoni.

"Mama Lavender," aliita. "Hebu leta kila kitu ulichokuja nacho. Kila kitu, hata kitana."

Walivitandaza juu ya mkeka. Joyline alipapasa pindo za magauni, akabinya soli za viatu, akafungua kopo la mafuta ya mtoto na kuingiza kijiti. Mdoli wa Lavender aliuminya mpaka mtoto akaanza kununa. Hakuna kitu. Kilichobaki ni mkoba wa Biblia, wa ngozi nyeusi, wenye zipu, na jina la Beverlyne limechapwa kwa dhahabu.

"Hiyo Biblia ni ya mama yangu," Beverlyne akasema haraka. "Alinipa akiwa mgonjwa."

"Na mkoba?"

Beverlyne alimvuta mtoto karibu. "Mkoba alininunulia yeye. Wakati ule aliponiumiza sikio. Aliniletea kanisani, mbele ya watu, akaniombea. Akina mama walipiga makofi. Waliniambia nina bahati."

"Alijua kwamba ukikimbia utaacha vyote lakini si hiki."

"Nyumba ikishika moto," Beverlyne akasema polepole, "ningetoka na mtoto na Biblia."

Joyline aliitoa Biblia, akaupeleka mkoba mlangoni penye mwanga. Kitambaa cha ndani kilishonwa pande zote kwa uzi mweusi mwembamba, mishono midogo ya kiwandani. Kwenye pembe ya chini uzi ulikuwa wa kahawia, mnene, ule wa mafundi viatu. Alibonyeza kwa kidole gumba. Kulikuwa na kitu kigumu, cha duara, kama kifungo cha koti.

Alikwenda mpaka nyuma ya zizi ndipo akampigia Urvish.

"Usikitoboe," Urvish akamwambia mara alipoeleza. "Watu hukinunua wakifunge kwenye funguo wasizipoteze. Chenyewe hakina nguvu ya kufika mbali. Kinanong'ona tu, na simu kubwa ya mtu yeyote aliye karibu inasikia na kumpelekea mwenyewe habari. Mwenye simu hajui kitu. Anasaidia kufuatilia bila kujua."

"Na kama simu zote zimezimwa?"

"Basi hakuna wa kusikia. Mwenyewe ataona pale kiliposikika mara ya mwisho. Simu mpya humwonya mtu akitembea na kitu kama hicho kisicho chake. Ile ya Beverlyne uliyoniletea ni ya zamani, haijui." Alisita. "Koplo, kikizimwa sasa, atajua mmekipata."

"Najua. Ndilo linalonitia hofu."

Aliporudi jikoni alikuta Beverlyne ameshaukamata mkoba kwa ncha za vidole, anaelekea chooni.

"Naenda kuutupa shimoni."

"Usiutupe."

"Afande, kinaniona! Hata sasa kinaniona. Nimelala nacho chini ya mto!"

"Kinaona simu ya mzee, na simu ya mzee ndiyo inayosema. Nisikilize. Ukikitupa, atajua tumejua, ataacha ramani na kutumia watu. Hapo sitajua anakuja kutoka wapi." Joyline aliuchukua mkoba mikononi mwake. "Leo bado anadhani wewe na mkoba ni kitu kimoja. Tutampa mahali pa kwenda."

*

Adhuhuri, Konstebo Ogoti aliwapeleka Beverlyne, Lavender na Nyanchera mjini Kisii, Biblia ikiwa imefungwa kwenye leso, bila mkoba. Urvish aliwafungulia mlango wa nyuma wa duka. Mamake, Manju, aliyezaliwa mjini humo na kuuza vitambaa kwa nyanya zao, aliteremka ngazi kuwapokea, akawaamkia kwa Kigusii, "Bwairire," kabla hawajajua wamwamkie vipi. Chumba kilikuwa ghorofani, mlango wa chuma, dirisha linalotazama ukuta. Beverlyne alikaa kitandani na viatu vyake vya kanisa miguuni, kamba zimefungwa. Alikuwa akilala navyo hivyo tangu Nyamarambe.

Joyline alikuwa amechagua kituo cha kununulia majani chai, upande mwingine wa mlima. Jumapili hapana shughuli. Ni kibanda cha mbao na mabati, kina mizani iliyoning'inia na stoo ndogo ya magunia. Kilichomfaa zaidi ni kwamba Beverlyne hakuwahi kukanyaga pale, wala Machogu hakuambiwa, wala Nyanchera. Aliutundika mkoba kwenye ndoano ya mizani ndani ya stoo. Akawasha simu yake, akaiweka juu ya gunia, uso chini.

"Sasa nong'ona," akauambia.

Ogoti alirudi, akaficha gari kwenye shamba la mikaratusi, akajilaza nyuma ya kibanda. Joyline alikaa kwenye giza la stoo, mgongo ukutani, harufu ya majani yaliyokauka ikimkwaruza koo. Aliogopa kukohoa. Alijiuliza kama amekosea, kama wakati yeye ameketi hapa, mtu yule amesimama kwenye ngazi ya Manju. Aliwaza msumari uliopindwa chini ya lapa. Mtu alikaa chini akautengeneza ule msumari, pengine akiwa anapiga mluzi, kwa ajili ya mke ambaye baadaye angemvunja mkono.

Jua lilikuwa linagusa mlima wakati pikipiki ilipozimwa huko chini barabarani.

Baada ya hapo hakukuwa na sauti kwa muda. Halafu hatua kwenye changarawe, zisizo na haraka. Mwanga mdogo wa buluu ulipita kwenye nyufa za mbao, mwanga wa simu iliyobebwa mkononi. Ukasimama. Ukasogea kushoto, ukarudi, ukaja moja kwa moja hadi mlango wa stoo.

"Mama Lavender."

Sauti ilikuwa laini kweli, kama alivyosema Beverlyne. Joyline alijibana ukutani, ingawa jina halikuwa hata lake.

"Wamekuficha kwenye chai kama panya. Fungua twende nyumbani. Mtoto anahitaji baba." Akanyamaza. "Nilikuambia sitagonga."

Mlango ulisukumwa kwa bega. Ochoki aliingia, simu mkono wa kushoto, na mkono wa kulia kitu kirefu kilichoviringishwa kwa gazeti. Alikuwa amevaa koti la ibada. Aliunyanyua mwanga, ukauangukia mkoba ukining'inia kwenye ndoano ya mizani, peke yake, ukizunguka polepole.

Alibaki ameutazama. Ogoti alimrukia kutoka nyuma, wakaanguka pamoja juu ya magunia, gazeti likachanika na panga likalia kwenye saruji. Joyline alilikanyaga panga kwa buti, akaiokota simu kabla mwanga wake haujazimika.

"Mniachie!" Ochoki alikuwa anahema, pingu zikimfunga. "Ni mke wangu! Nimekuja kuzungumza na mke wangu!"

"Na panga?"

"Mimi ni mkulima."

"Nani alikuambia yuko hapa?"

"Dada yangu. Nyanchera aliniambia. Muulize."

"Dada yako hajui pahali hapa, mzee wa kanisa. Hata mke wako hajawahi kuketi hapa." Joyline alimgeuzia kioo cha simu yake. Kwenye ramani palikuwa na mlima, barabara, na nukta moja ya buluu juu ya kibanda cha chai. Chini yake Ochoki mwenyewe alikuwa ameandika jina la kile kitu, asikisahau: Mke. "Hiki ndicho kilichokuambia."

Ochoki aliitazama ile nukta.

Ogoti alipokuwa akimpakia garini, Joyline alikaa kwenye ngazi ya kibanda. Ndipo akampigia Manju. Simu ilipokelewa kabla haijaita vizuri.

"Nipe Beverlyne, mama."

Alisikia kitanda kikilia, na pumzi ya mtu.

"Amekuja?" Beverlyne akauliza.

"Amekuja. Yuko kwenye gari la serikali, amefungwa. Asubuhi nitampeleka mahakamani, na malapa yako nitayaweka mezani mbele ya hakimu. Pengine hutayapata karibuni."

"Alikuja wapi?"

"Mahali ambapo hujawahi kuwa."

Joyline alimsikia Lavender akiuliza kitu, na Nyanchera akimjibu kwa sauti ya chini. Halafu kikasikika kitu kidogo, kamba ikivutwa, na kiatu kimoja kikaanguka sakafuni.

Joyline hakukata simu. Alingoja hadi akasikia cha pili.